Mkalimani wa Jumamosi

Mkalimani alikuwa hawezi kula kwa vijiti, na naanza na hilo makusudi, kwa sababu najua ndilo litakalomuuma kuliko yote nitakayosema. Miaka sita tumekula naye chakula cha mchana kila Jumamosi kwenye mkahawa wa Kitaiwani pale Cabramatta, Sydney, hatua chache kutoka stesheni, na miaka sita mama mwenye mkahawa alimletea uma uliofichwa ndani ya kitambaa cha karatasi. Sisi tulijifanya hatuoni. Yeye, tukikosea neno moja tu la Kiswahili, hakuwahi kujifanya hakusikia.

Jina lake silitaji. Hata mezani hatukulitumia. Kazi yake ilikuwa kutafsiri kwa mdomo, Kiswahili na Kiingereza, hospitalini, mahakamani, na zaidi kwenye simu na watu wa uhamiaji, na mwenyewe alipenda kuitwa Mkalimani. Alizaliwa wapi na ni mtoto wa nani, sijui na sina haja. Ninachojua ni kwamba kuna binti wa miaka kumi na saba kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, mama yake yuko hapa Sydney, na binti huyo hajafika kwa mama yake kwa sababu ya sentensi moja iliyotoka kinywani mwa mtu huyu. Mwanasheria ametuambia kwamba akishatimiza kumi na nane atahesabiwa mtu mzima, na ombi lake huenda lisifike popote. Kwa hiyo nikimsema vibaya, mjue nina sababu.

Mezani tulikuwa wanne. Mimi, Mtanzania, naogesha na kulisha wazee kwenye nyumba ya wazee kule Minto, na mdomo wangu haujawahi kuniletea heri. Otieno, Mkenya, anaendesha foklifti kwenye ghala moja Smithfield. Mama Neema, Mkongomani wa Bukavu, tunafanya naye zamu za asubuhi. Na yeye Mkalimani, kwenye kiti cha pembeni kinachotazama mlango, tai shingoni, hata siku zile za joto ambazo lami inanatana na viatu.

Yeye ndiye aliyetuagizia chakula, na hakuna aliyemteua. Supu ya tambi na nyama ya ng'ombe bakuli nne, chapati zao zile za vitunguu majani, kuku wa kukaanga aliyepondwa akawa mkubwa kuliko sahani, na kachumbari ya matango yenye vitunguu saumu. Mwenye mkahawa anasema Kiingereza safi kuliko sisi wote, lakini Mkalimani alimsikiliza, akatugeukia, akatueleza kwa Kiswahili maneno tuliyokwisha kuyasikia kwa masikio yetu. "Anasema kuku atachelewa kidogo." Tumesikia, Mzee. "Anauliza chai ya baridi au ya moto." Tumesikia! Otieno alinikonyeza chini chini. Ule ulikuwa ugonjwa. Mtu huyu hakuweza kukaa katikati ya watu wawili wanaozungumza akanyamaza.

Neno lake kubwa lilikuwa "narudia". Ukisema sentensi yenye kasoro, hakukujibu kwanza. Aliiokota, akaipangusa, akakurudishia. "Narudia: vitabu vile, si kitabu zile." Kisha ndipo akajibu ulichouliza, kama bado ulikuwa na hamu ya jibu. Otieno alikuwa mteja wake mkubwa, maana Otieno anasema Kiswahili cha Nairobi na hana mpango wa kubadilika. "Buda, wacha hizo," alimwambia, "tumekuja kudishi, si kufanya mtihani." Mkalimani akaguna. Alisema Kiswahili cha Otieno kimepikwa kwenye sufuria isiyooshwa, na mimi nikacheka mpaka chai ikanipalia.

Nilicheka sana mezani pale, niseme ukweli. Mimi Kiswahili changu kilikuwa upande wake, ndiyo maana. Alipowatia wengine adabu, alinigeukia kama kwa shahidi. "Au vipi, dada Rehema?" Nami nikaitika. Ilikuwa raha kuwa upande wa anayejua, na katika nchi ambayo kutwa nzima naulizwa nirudie Kiingereza changu, raha ile niliihitaji. Hilo si kisingizio. Nalisema tu.

Kuna Jumamosi Otieno aliingia amechelewa, bado na fulana yake ya kazi ya rangi ya chungwa, akakaa bila kusalimia. Tukamuuliza kulikoni. Akasema, "Mathe amekufa. Wamenipigia saa hii." Tukashika vinywa. Na Mkalimani, wallahi sisingizii, akaweka uma chini akasema, "Narudia: mama amefariki. Mbuzi ndiye hufa."

Otieno aliinua kichwa. "Buda," alisema, "leo usinianze."

Mimi nilisukuma sahani ya kuku upande wa Otieno, kana kwamba kuku angemliwaza. Mama Neema peke yake ndiye aliyesimama, akazunguka meza, akamshika kichwa akakiegemeza tumboni kwake, na kumwimbia kidogo kidogo kwa lugha ya kwao mbele ya wateja wote.

Lakini sikilizeni na hili. Jioni ile ile Mkalimani alimpeleka Otieno uwanja wa ndege kwa gari lake, akasimama naye kwenye foleni, akabishana na wale wa shirika la ndege kwa Kiingereza cha mahakamani mpaka kiti kikapatikana kwenye ndege waliyosema imejaa. Otieno alimzika mama yake kwa sababu ya Mkalimani. Alikuwa hivyo. Familia ikiingia mpya kutoka kambini, yeye ndiye aliyewafundisha kupanda treni, yeye ndiye aliyekaa nao hospitali na mtoto mgonjwa wakati saa zake za kazi zimekwisha. Kisha Jumamosi alikuja kutuigizia jinsi walivyosema "banguo" kwa nguo na "bantu" kwa watu. Sikuweza kumchukia sawasawa, na hilo lenyewe lilinichosha.

Na mwanawe! Alikuwa na binti mtu mzima, anaishi huko Kaskazini ya jiji. Siku moja alipita pale mkahawani kumpa baba yake funguo. Mama Neema akamsalimu kwa Kiswahili, binti akatabasamu na kujibu kwa Kiingereza kwamba samahani, yeye hajui. Hata salamu. Nikamtazama Mkalimani nikisubiri "narudia" yake. Alikuwa anasoma menyu, menyu ambayo anaijua kwa moyo. Niliporudi nyumbani nililisimulia jambo lile kwa simu kwa watu watatu, na kila mara nikaliongezea chumvi.

Sasa nije kwa Mama Neema. Mama Neema alikuja Sydney na Neema mgongoni. Neema leo ana miaka kumi, anasikia Kiswahili chote na anajibu kwa Kiingereza. Mkubwa wake, Furaha, alinyang'anywa njiani wakati wanakimbia. Watu wenye bunduki walimvuta kutoka mkononi mwa mama yake, akiwa na miaka saba. Miaka mingi mama yake alimhesabu amekufa. Kumbe wale watu walimtelekeza, akaokotwa na mama mmoja, wakavuka ziwa pamoja mpaka kambini Tanzania. Mwaka juzi mtu wa kanisa alituma picha kwa simu, na Mama Neema alipoiona alikaa chini sakafuni pale kazini, katikati ya korido, na mzee mmoja wa Kiaustralia kwenye kiti cha magurudumu akakaa kumsubiri ainuke.

Akaomba binti aletwe. Jibu likaja: kwenye mahojiano yako ulisema una mtoto mmoja. Huyu wa pili ametoka wapi?

Siku ya kwanza nilipomleta Mama Neema mezani kwetu, miaka sita iliyopita, kabla ya hayo yote, alimwita Mkalimani "Papa", kwa heshima, kama wanavyomwita kwao mwanamume mzima. Mkalimani akamwambia, "Papa ni samaki, tena wa kula watu. Mimi ni mtu." Tukacheka. Mama Neema naye akacheka, maana alikuwa mgeni. Supu ikaja na pilipili nyekundu imeelea juu. Mama Neema akamwomba, "Papa, sema naye anitoshe hii pilipili."

Mkalimani akauliza, "Ikutoshe vipi? Bado hujaila."

"Apana. Aitoshe. Aiweke pembeni."

"Kwenu kutosha ni kuondoa?"

"Njo vile. Kutosha, kuondoa. Kutosha viatu, kutosha muntu ku kazi."

"Bukavu nzima?"

"Kwetu bote banasemaka vile, Papa."

Uma wa Mkalimani ulisimama hewani. Akauweka chini. Akanywa maji, glasi nzima, nami nikadhani ni pilipili. Kisha akacheka kwa sauti kubwa kuliko kawaida yake, akasema, "Basi huyu ni Mama Tosha!" Na jina likaganda. Mama Tosha, chai imekutosha? Mama Tosha, baridi imekutosha? Kila Jumamosi. Mama Neema alitabasamu akiinamisha kichwa kwenye bakuli, na mimi nilicheka, na baada ya mwezi mmoja nikawa nalitumia mwenyewe, mpaka kazini.

Mwezi mmoja uliopita mwanasheria, mwanamke kijana mwenye ofisi ndogo Fairfield, alipata sauti iliyorekodiwa ya mahojiano yale. Mama Neema aliniomba niende naye. Mahojiano yalifanyika Kampala, afisa na Mama Neema chumba kimoja, na mkalimani kwenye simu kutoka Sydney. Mwanasheria akabonyeza. Mkalimani akajitambulisha kwa namba tu, si kwa jina. Hatukuhitaji jina. Hakuwa amemaliza salamu, Mama Neema akanishika goti.

"Njo yeye," alisema. "Njo ule Papa wa samedi." Yule wa Jumamosi.

Afisa akauliza ana watoto wangapi. Mkalimani akamuuliza kwa Kiswahili chake kizuri. Na sauti ya Mama Neema, changa, imechoka, ikajibu: "Niko na huyu. Moya balinitosha."

Mmoja waliniondolea. Ndivyo alivyosema. Mmoja walinipokonya.

Mkalimani akasema, "Narudia: una huyu, mmoja alikutosha?"

Na Mama Neema, anayesikia neno lake mwenyewe likirudi kwake, akasema, "Ndiyo, Papa. Moya balinitosha." Kisha kukawa na Kiingereza, na mwanasheria hakuhitaji kututafsiria. Nina huyu, mmoja ananitosha. Afisa akacheka kidogo, akasema hata yeye mmoja anamtosha. Mkalimani naye akacheka kidogo, kwa adabu. Wakaenda kwenye swali linalofuata. Na fomu ikaandikwa hivyo, na Mama Neema mwenyewe akaitia sahihi bila kuweza kuisoma.

Lile "ba", ambalo kwetu ni "wa", alilisikia. Masikio yake ni mazuri kuliko ya mtu yeyote ninayemjua. Alilisikia akaliona ni uchafu wa sarufi, akalifuta, kama alivyofuta maneno yetu wote, na pamoja nalo akawafuta watu wenye bunduki na mtoto wa miaka saba.

Mama Neema hakulia. Aliomba ichezwe tena. Iliporudi pale afisa anapocheka, aliniuliza, "Anacheka nini?" Nikamweleza. Ilinibidi nimweleze, kwani nani mwingine angemweleza?

Mwanasheria alisema mtaalamu wa lugha anaweza kupatikana, lakini itachukua miezi, na Furaha alikuwa amebakiza wiki saba kutimiza kumi na nane. Njia ya haraka ni mkalimani mwenyewe aandike kwamba alikosea neno. Akikataa, basi atafutwe mtu aliyewahi kumsikia akikiri kwamba anajua maana ya neno lile kwa Wakongomani. Akaniuliza kama yupo mtu wa hivyo. Nikasema nitafikiri. Sikuwa na cha kufikiri; nilikuwa tayari naiona ile glasi ya maji aliyoimaliza kwa mkupuo mmoja. Siku ile ya pilipili hakuwa amewashwa. Siku ile alijua. Pengine hakujua kwamba ni mama huyu, sauti ni nyingi kwenye simu, lakini alijua kwamba neno lile amelitafsiri vibaya kwa watu wa Kongo, na badala ya kuinua simu kesho yake asubuhi, akalifanya utani.

Tulikutana Jumamosi iliyofuata. Otieno alikuwa kazini. Mkalimani alishafika, tai shingoni, ameshaagiza. Nikaweka karatasi ya mwanasheria mbele yake, nikamweleza yote, moja kwa moja. Aliisoma mara mbili. Supu ikaja, hakuna aliyeigusa.

"Nilitafsiri alichosema," alisema.

"Hukutafsiri, Mzee."

"Alisema vibaya. Mimi si mganga, nifumbue mafumbo."

Mama Neema akasema, taratibu kabisa, "Papa, miye nilisema muzuri. Kwetu bote banasikiaka ile neno. Andika tu kama haukusikia. Mutoto wangu yuko kule."

Mkalimani alinigeukia mimi, akashusha sauti, kana kwamba Mama Neema hayupo. "Dada Rehema, wewe ni mtu wa akili. Unajua nimefanya mahojiano mangapi ya Wakongo? Nikitia sahihi hapa, watayafungua yote. Yote. Watanipokonya kazi, na hilo ni dogo. Watakuja kuniambia nilisema nini kwa nani."

"Na waje."

"Ni rahisi kwako kusema."

"Ulijua tangu siku ya pilipili," nikamwambia. "Uliuliza kama ni Bukavu nzima. Ukaenda zako nyumbani ukalala."

"Nilidhani ni maneno ya mezani."

"Muongo mkubwa wewe! Mtu mzima hovyo!" Watu wakageuka. Sijawahi kumsemesha mzee hivyo maishani mwangu, na ningekuwa na la kuongeza ningeliongeza.

Akakunja karatasi vizuri, kona kwa kona, akanirudishia. "Na wewe ulicheka," alisema. "Usijitie umalaika leo. Mimi nilitoa jina, wewe ndiye uliyelipeleka mpaka kazini kwenu. Mimi nimemsaidia mtu mmoja mmoja kwa miaka ishirini. Wewe umemsaidia nani zaidi ya kucheka?"

Aliinuka, akamshukuru mwenye mkahawa kwa Kiingereza, akamfungulia mlango mama mmoja aliyekuwa anaingia na kigari cha mtoto, akaenda zake stesheni. Sijamwona tena, na nasikia bado anafanya kazi.

Nikatoa kalamu. Mwanasheria alikuwa amenipa fomu ya pili, ya shahidi, endapo mambo yatakuwa hivi. Nikaandika kwa Kiswahili kwanza nisijichanganye: kwamba namfahamu mkalimani huyu, kwamba mbele yangu aliuliza maana ya neno akaelezwa akaelewa, kwamba baada ya hapo alilitumia kwa mzaha mara kwa mara. Mama Neema alikuwa anakula sasa, tambi zote, kwa vijiti, bila haraka. Alipomaliza akapangusa mdomo, akasema nimsomee.

Nikamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho akitazama mezani.

"Na wewe?" aliuliza. "Aukujiandika?"

Nikasema mwanasheria anataka habari za Mkalimani tu.

"Jiandike. Basipojua ulikuwa unacheka, batasema umetunga kwa sababu ya kunipenda."

Nikaandika: na mimi nilicheka. Nikamsomea. Nilitegemea ataniambia imetosha, au atanishika mkono, kama alivyomshika Otieno siku ile. Mama Neema akaivuta karatasi upande wake, akayatazama maandishi yake, akanirudishia.

"Andika ni mara ngapi," alisema.

Nikaandika: kila Jumamosi, kwa miaka sita.